Samaki Mmoja, Kuta Mbili

Bi. Imogene mpendwa,

Nakuomba unisaidie, na nakuomba pia jina langu lisitoke gazetini, kwa sababu kazi yangu katika kaunti hii naifanya peke yangu na watu wakinijua nimekwisha. Mimi ndiye ninayewakausha na kuwapaka rangi samaki wa watu wapate kutundikwa ukutani kama kumbukumbu. Msimu wa kuwinda kulungu nakausha vichwa vyao pia, lakini moyo wangu uko kwa samaki, hasa hawa besi wa mdomo mpana wa Ziwa Tarver, ambao wanaume wa huku (na wanawake, ananikumbusha mke wangu Nelda aliyesimama nyuma yangu anasoma kila ninachoandika) huwaamkia mapema kuliko wanavyoamkia kanisa.

Kwa miaka thelathini na moja nimekuwa na sheria moja, nimeiandika kwa herufi kubwa juu ya kaunta: CHINI YA RATILI NANE, PIGA PICHA, MRUDISHE MAJINI, NENDA NYUMBANI UKIFURAHI. Niliiweka kwa sababu nimewaona watu wakiniletea samaki wa ratili nne kwa kiherehere cha siku moja, namtengeneza vizuri, na baada ya miaka miwili naenda kwao kwa shughuli nyingine namkuta amehamishiwa gereji na kwenye mkia wametundika kofia. Inaniuma, Bi. Imogene. Kwa hiyo mtu akija namwambia asome pale juu kwanza, kisha tuzungumze.

Siku hizi hata samaki mwenyewe simhitaji. Unampima urefu, unamzungushia kamba tumboni, unampiga picha pande zote mbili, unamrudisha ziwani akiwa hai, nami naagiza umbo la faiba la vipimo hivyohivyo na kulipaka rangi kwa kufuata picha yako. Wewe una samaki wako ukutani na yeye anaendelea na maisha yake. Nimelipenda sana jambo hili tangu lilipoanza, na sikuwahi kuwaza kwamba ndilo litakaloniletea balaa.

Balaa lenyewe ni watu wawili, nitawaita Lavon na Cecil. Walivua pamoja miaka ishirini na sita, boti moja, chupa moja ya kahawa, mmoja akinyamaza mwingine anammalizia sentensi, mpaka miaka mitatu iliyopita Lavon aliponasa samaki mkubwa kwenye kijito cha Mulberry, akamvuta mpaka ubavuni mwa boti, Cecil akainama na wavu kumwopoa, na kwa namna ambayo kila mmoja anaieleza kivyake wavu ukagusa mshipi, ndoana ikachomoka, samaki akaenda zake. Lavon alimwambia maneno palepale majini ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti linaloingia majumbani mwa watu, Cecil akajibu, wakarudi gatini bila kutazamana, na tangu siku hiyo mmoja akiingia mkahawani mwingine anaomba afungiwe chakula aondoke nacho. Na yule samaki, Bi. Imogene, anazidi kukua. Mwaka wa kwanza alikuwa ratili tisa, mwaka wa pili kumi na moja, na Pasaka hii nimemsikia Lavon kwa masikio yangu akisema kumi na tatu.

Basi, mwezi Machi Lavon akaja dukani mbio. Amepata besi wa ratili kumi na wakia mbili, wa kwanza wake kufika kumi, kijito kilekile cha Mulberry, na amemwachia.

"Nimemtoa kwa mkono wangu mwenyewe, Harlan," akaniambia. (Hilo si jina langu, nimeliazima.) "Nimemshika mdomo nikamtoa. Bila wavu wa mtu."

"Nimekusikia, Lavon."

"Wa mtu yeyote!"

"Nimekusikia, kaka. Vipimo viko wapi?"

Urefu inchi ishirini na nne na nusu, tumbo inchi kumi na nane na robo, picha sita nzuri. Kwenye shavu la kushoto, chini ya jicho, samaki alikuwa na doa jeusi kama mtu amemdondoshea wino, na ncha ya kifuniko cha shavu hilo imemeguka. Lavon akaniambia, "Mtengeneze apendeze," akaondoka anapiga mluzi. Nikafanya kazi yangu. Doa nililiacha nje.

Mwezi Juni, wiki ileile niliyompaka huyo samaki mng'aro wa mwisho na kumwekea kitambaa juu akauke, akaingia Cecil. Cecil hajawahi kuleta samaki kwangu hata mmoja. Alisimama chini ya ile sheria yangu akaisoma taratibu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Nane," akasema.

"Nane kwenda juu."

"Wangu ana nane na wakia moja."

"Umeponea chupuchupu, mzee wangu. Na kusema kweli, ni samaki wa Juni, ameshataga, amekonda. Ngoja mwakani umpate mnene."

"Simtaki mnene, namtaka huyu." Akanisogezea simu yake yenye picha. "Na hilo doa usilisahau. Ukilisahau usinipigie simu kuja kumchukua."

Nikaitazama ile picha, Bi. Imogene, nikaisogeza kwenye taa. Doa lilelile, chini ya jicho lilelile, na kifuniko kimemeguka palepale. Urefu ishirini na nne na nusu. Nikamwambia nakwenda kutafuta miwani, nikaingia nyuma, nikatoa picha za Lavon, nikachukua kioo cha kukuzia, nikahesabu magamba kutoka doani hadi kwenye mstari wa ubavu, mara tatu. Ni yeye. Samaki mmoja, amepungua ratili mbili kwa mayai na kwa joto, lakini ni yeye, na nitakwambia ukweli kwamba kwa dakika nzima sikuogopa wala nini, nilifurahi tu, nilishangaa, nikajiuliza ni mara ngapi amekwisha kushikwa huyu mama na ni nani mwingine mwenye picha yake mfukoni. Kisha nikarudi mbele, na Cecil akaniuliza kama najua kwa nini anamtaka.

"Siku ile ya wavu," akasema, "Lavon alikuwa mbele ya boti na ufito mkononi, aliona mkia tu. Aliyeinama ni mimi. Uso niliuona mimi. Huyu ndiye, Harlan. Nimemtafuta miaka mitatu kwenye kile kijito, saa ambazo najua Lavon hayupo."

"Na ukishamtundika?"

"Simtundiki. Nampelekea. Nitamweka kibarazani kwake, nibonyeze kengele, nirudi garini."

"Si uongee naye tu, Cecil?"

"Niseme nini? Nikae miaka mitatu nimenuna, halafu niende mikono mitupu?"

Akasaini karatasi ya oda, akaenda. Sasa tazama nilipokwama. Nikimwambia Cecil ukweli, zawadi yake imeharibika, maana samaki anayetaka kumpelekea Lavon, Lavon alikwisha kumpata tena akiwa mnene kumzidi. Nikimwambia Lavon, basi yule wa ratili kumi na tatu hakuwa wa kumi na tatu, maana kama mwaka huu, tena na mayai tumboni, ana kumi na wakia mbili, miaka mitatu iliyopita alikuwa saba au nane, na Lavon ataonekana mpiga chuku mbele ya mkahawa mzima na lawama zote alizombebesha mwenzake zitakuwa zimekaa juu ya samaki wa kawaida. Nikinyamaza, kila mmoja atachukua samaki wake na mimi nitakuwa mtu pekee duniani anayejua. Tena sheria ya kazi yetu ni kwamba ya mteja mmoja hayapelekwi kwa mwingine. Nelda anasema niwaambie wote. Lakini Nelda alisema hivyohivyo kuhusu ule uvimbe wa dada yake, na Krismasi ile hakuna aliyekula.

Na la mwisho ndilo swali lililonitoa usingizi zaidi, usinicheke. Miaka thelathini na moja nimewaambia watu nane kwenda juu. Sasa nina samaki wawili ambao ni mmoja, wa kumi na wa nane na wakia moja, na kama ungenilazimisha leo niseme yupi anastahili ukuta, ningekuonyesha huyu aliyekonda. Ile sheria yangu inapima nini, basi?

Nisaidie, mama.

Mwenye Brashi,
Ziwa Tarver

---

BI. IMOGENE ANAJIBU:

Mwenye Brashi,

Kwanza nimecheka, nitubu kabisa, nimecheka mpaka paka akahama kiti. Umeficha jina lako, ukawapa wenzako majina ya kuazima, halafu ukaniambia kwamba katika kaunti hii wewe ndiye peke yako unayefanya kazi hiyo. Na hao uliowaita Lavon na Cecil, hakuna mtu kuanzia bwawani hadi mahakamani asiyejua ni nani aliyeshika wavu siku ile. Hata mhubiri aliwahi kuwaombea, bila kuwataja, na kanisa zima likageuka kuwatazama.

Sasa nikugombeze. Barua yako ina kurasa tano. Nne na nusu zinamhusu Lavon, Cecil, wavu, na huyo mama samaki ambaye kwa kweli na mimi ningependa kumwona. Katikati ya hizo kurasa umeficha sentensi moja: "Doa nililiacha nje." Umeandika nililiacha, ndugu yangu, kana kwamba umelisahau stoo. Sema ulilifuta. Ulikuwa na picha sita mbele yako, ukamtazama samaki wa watu usoni, ukaona hapendezi, ukamsafisha. Mimi nadhani usiku unakesha kwa hilo. Habari za siri ya mteja na heshima ya Lavon ni kweli, lakini umezisogeza mbele ili zikuzibe. Kama Lavon na Cecil wakisimama mbele ya samaki wao siku moja, mtu wa kwanza kuulizwa swali atakuwa wewe.

Tena hujui ulichofuta. Mwezi Aprili, kwenye chakula cha kanisa, huyo unayemwita Lavon alinionyesha ile picha wakati nina kambale wa kukaanga mkononi na sina pa kukimbilia. Nikamwuliza, "Huyu vipi, alilalia kalamu?" Akavimba kifua, akaniambia, "Hiyo ndiyo alama yake, mama. Ziwa zima hakuna mwingine." Ameionyesha picha hiyo kwa daktari wa meno akiwa na pamba mdomoni. Amemwonyesha msichana wa benki, na watu waliokuja kununua jokofu lake la zamani. Na wewe unataka kumpa samaki mwenye shavu jeupe, ukidhani hataona? Ataona kabla hujamaliza kuvuta kitambaa.

Na umewaza hili? Ukinyamaza, Cecil atampeleka wa kwake kibarazani na kubonyeza kengele. Lavon atafungua mlango, ataona doa, atatoa simu mfukoni, na atadhani mwenzake amekuja kumdhihaki kwa kumletea samaki wake mwenyewe amepunguzwa ratili mbili. Cecil atakuwa ameshawasha gari. Hapo hawatazungumza tena mpaka mmoja azikwe, na mwingine atakaa safu ya nyuma. Kunyamaza kwako ndiko kutakakowamaliza.

Kuhusu zile ratili kumi na tatu, usijisumbue. Wote tunajua ni chumvi. Lavon anajua. Mtu haongezi ratili mbili kila mwaka kwa sababu ya samaki; anaongeza kwa sababu hasira yake ilianza kupungua na aliona aibu kuiacha. Ukimwonyesha kwamba samaki mwenyewe alikuwa wa ratili nane, unamtua mzigo ambao amechoka kuubeba. Atafoka kidogo, na umwache afoke.

Na zawadi ya Cecil haijaharibika. Wewe unapima zawadi kama unavyopima samaki, ndiyo maana umechanganyikiwa. Mtu amezunguka kijito kimoja miaka mitatu, kwa saa za kuvizia, akimtafuta samaki mmoja kati ya maelfu ili amrudishie rafiki yake. Lavon akilijua hilo, haitakuwa na maana kabisa nani alimshika kwanza. Lakini asilijue kutoka kwako. Inabidi alisikie kwa Cecil mwenyewe.

Basi fanya hivi. Leo, si kesho, toa kitambaa kwa samaki wa Lavon, kwangua mng'aro shavuni na urudishe doa lake, mahali pake, ukubwa wake, na umegue kile kifuniko. Ukimaliza, mpigie Lavon umwambie kwa mdomo wako, "Nilikuwa nimemfuta alama yake nikidhani namsaidia, nimekosea, nimemrudishia." Maneno hayo tu. Usimtaje Nelda wala hali ya hewa.

Kisha mtengeneze wa Cecil alivyo. Usimnenepeshe. Mwache amekonda, na mkia uliochakaa kwa kutaga, na doa lake. Wakikauka wote wawili watundike dukani kwako bega kwa bega, shavu la kushoto mbele, waite wenyewe waje saa ileile na dakika ileile, na usiseme neno. Siri ya mteja utakuwa hujaitoa. Umewaita tu watu wawili waje kuchukua kazi zao. Ukiwaona wamesimama wote wanatazama, nenda nyuma ukatafute ile miwani yako. Itafute muda mrefu. Ukisikia kelele, usitoke. Ukisikia kimya, usitoke pia. Cecil ana jambo lake la kusema kuhusu wavu, na nadhani amekwisha kulisema peke yake kwenye kile kijito mara nyingi, kwa hiyo analijua.

Ile sheria yako ya ukutani iteremshe. Sisemi ilikuwa mbaya, imewaokoa wake wengi wa kaunti hii, na mimi ni mmojawapo, marehemu mume wangu alikuletea samaki wa ratili tatu ambaye alimpenda kuliko mama yangu, ukamkatalia. Lakini umeniuliza inapima nini, nami nitakujibu kama mwanamke ambaye hajavua hata dagaa. Inapima samaki. Mtu akija kwako kesho na picha, usimwelekeze kidole juu. Mwulize, "Mgeni akisimama chini ya huyu samaki akakuuliza habari zake, utamwambia nini?" Akikutajia uzito tu, mpe mkono wa heri aende nyumbani akifurahi. Akianza, "Siku ile nilikuwa na fulani," vuta kiti, chukua oda, hata kama ni wa ratili mbili.

Sasa kuhusu gazeti. Umeniomba nifiche jina lako na nimelificha, ingawa umenipa kazi ya bure. Lakini nyumbani kwangu unapajua, ulikuja Februari kurekebisha yule bundi aliyekaushwa wa marehemu mume wangu. Ungetaka ushauri wa siri ungebisha hodi. Umeandikia gazeti ambalo Lavon hulisoma kila Alhamisi kwenye kaunta ya mkahawa kabla hajagusa mayai, na Cecil hulisoma garini kwake nje ya mkahawa huohuo akimsubiri Lavon atoke. Mimi nadhani ulitaka mtu mwingine aseme, kwa kuwa wewe ulimi ni mzito. Basi nakala ya jibu hili nitaitumbukiza kwenye sanduku lako la barua Ijumaa, na barua yako nitaikalia gazeti lisitoke nayo mpaka Alhamisi ya wiki ya pili inayofuata. Hizo ni siku kumi na tatu, na rangi hukauka kwa siku mbili. Nilimwuliza Nelda.

Kama umezitumia vizuri, hapa tunapofikia hakuna mtu anayeshangaa, na watu wawili wanalisoma gazeti hili kwenye meza moja wakinicheka.

Kama hukuzitumia, basi nakugeukia wewe unayesoma kwenye kaunta, mayai yamepoa na uso umekuiva: ndiyo, ni wewe. Yule samaki wako hakupotea. Ulimshika mwenyewe mwezi Machi kwa mkono wako, una picha yake mfukoni, na uliponionyesha ulisema kweli, ziwa zima hakuna mwingine. Mwenzako alimwona uso miaka mitatu kabla yako na hakumsahau, na tangu siku hiyo amekuwa akimtafuta ili akuletee. Yuko nje hapo kwenye lile gari la kijani, anasoma mstari huu huu sasa hivi. Lipa, toka, gonga kioo chake. Na Jumamosi mkienda Mulberry, mwache ashike wavu.

Bi. Imogene